Sabuni ya Kufulia Ahadi

Tangazo la kwanza nililoandika maishani lilikuwa la sabuni. Sabuni yenyewe haipo wala haijawahi kuwapo. Mwenzangu mchoraji alichora pakiti ya buluu na mgombea aliyevaa shati jeupe la kuumiza macho, nami nikaandika chini yake: "Ahadi ni deni. Fua mara moja tu, deni litatakata." Halafu, kwa herufi ndogo: huondoa madoa sugu ya hadi miaka mitano bila kumchubua mgombea. Vigezo na masharti kuzingatiwa.

Tangazo hilo ndilo lililozaa tovuti ninayoiendesha kwa mwaka wa sita sasa, tovuti ya kuigiza na kudhihaki siasa pamoja na matangazo ya makampuni makubwa. Watu huniuliza kwa nini nachanganya mambo mawili. Kwangu mimi ni jambo moja, na nililigundua nikiwa jikoni naosha vyombo. Televisheni ilikuwa sebuleni, nasikia sauti tu. Mgombea alikuwa akihutubia, kisha yakaingia matangazo ya biashara, na mimi nikaendelea kusikiliza muda mzima nikidhani bado ni yeye. Sauti ile ile ya kubembeleza, "wewe" ile ile inayojifanya inakujua, kesho ile ile iliyo bora zaidi. Nilipokausha mikono na kwenda kutazama, nikakuta mwanamke anatangaza bima.

Nilipoanza kusoma historia ya mambo haya niliona kwamba kuazimana huko ni kwa siku nyingi. Mwaka 1929 Edward Bernays, aliyekuwa akifanya kazi kwa niaba ya kampuni ya sigara ya American Tobacco, alipanga wanawake wavute sigara hadharani kwenye maandamano ya Pasaka mjini New York, na sigara hizo zikaitwa mienge ya uhuru. Biashara ilikuwa imechukua lugha ya kudai haki na kuitia kwenye pakiti. Mwaka 1952 siasa nayo ikaenda kuazima kwa biashara: Rosser Reeves, bingwa wa kubuni matangazo, alimtengenezea Dwight Eisenhower, mgombea urais wa Marekani, matangazo mafupi ya televisheni ambamo mwananchi anauliza na mgombea anajibu. Eisenhower alirekodi majibu kwanza. Wauliza maswali walitafutwa baadaye, wakarekodiwa peke yao, kisha vipande vikaunganishwa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Jibu limetangulia swali! Kutokana na hilo nilitengeneza ukurasa ambao hadi leo ndio naupenda kuliko zote: mgombea wa kuchora anatoa majibu kumi na mawili yaliyonyooka, na msomaji anapewa nafasi tupu ya kubahatisha aliulizwa nini.

Lakini nimeruka mbele. Miezi ya mwanzo kazi yangu ilikuwa mbaya, na ilikuwa mbaya kwa sababu nilikuwa na hasira. Niliandika matusi nikayavisha nguo za mzaha. Mgombea wangu alisema, "Nitawaibia wote," na kampuni yangu ilisema, "Tunauza sumu." Hakuna aliyecheka, na mimi mwenyewe nikisoma tena nilikuwa sicheki. Mwigo haukuwapo. Hakuna mwanasiasa anayesema hivyo, kwa hiyo nilikuwa namdhihaki mtu ambaye hayupo.

Kilichonisaidia ni daftari. Nililiweka karibu na redio, na kila niliposikia neno la aina yao nililiandika kama lilivyo: wadau, mchakato, changamoto, hatua stahiki, suala hili linafanyiwa kazi, hatutalifumbia macho, tumejipanga. Upande wa pili wa karatasi niliandika ya wafanyabiashara: ofa kabambe, usipitwe, sasa ni bora zaidi, kwa sababu tunakujali. Baada ya wiki chache nilianza kusikia mdundo wake. Nikagundua kwamba sentensi hizi hazina mtendaji. Kitu kinafanyiwa kazi, hatua zinachukuliwa, bei zinarekebishwa, na hakuna mtu hata mmoja anayefanya, kuchukua wala kurekebisha. Sarufi yenyewe imemficha mhusika.

Nichukue mfano wa sentensi moja ili uone kazi ilivyokwenda. Nilitaka kumdhihaki kiongozi anayeahidi huduma bila kufanya lolote. Nilianza na "Hatutafanya kitu." Butu. Nikajaribu "Tutafanya kitu siku moja." Bado, maana hapo mwandishi ndiye anayesikika, amesimama pembeni anakonyeza jicho. Nikarudi kwenye daftari, nikachukua maneno yao peke yake bila kuongeza la kwangu: "Tumejipanga kuhakikisha kwamba mchakato wa kujipanga unawafikia wadau wote mahali walipo." Hiyo ilikaa. Mwenzangu alipoisoma alicheka, kisha akanyamaza, akasema ana hakika alishaisikia mahali. Tangu siku ile hicho ndicho kipimo changu: nikiona neno ambalo wao wasingelitumia, nalikata, hata kama ndilo linalochekesha zaidi.

Sura ya tovuti nayo ni sehemu ya mwigo, tena kubwa. Kwa wiki kadhaa nilikaa na kurasa halisi za vyama na za makampuni, nikihesabu: picha ni kubwa kiasi gani, maneno yanaanzia wapi, kitufe kina rangi gani, nafasi tupu iliyoachwa ni pana vipi. Nafasi tupu ndiyo inayosema "sisi ni wakubwa". Ukijaza ukurasa maneno, hata maneno mazuri, unaonekana mtu mwenye shida. Niliwahi kugeuza jambo moja tu kwenye tangazo la simu la kubuni: masharti yote nikayaweka kwa herufi kubwa mno, mstari juu ya mstari, na ofa yenyewe nikaiweka chini kabisa kwa herufi ndogo. Sikubadilisha neno la aina yoyote ambalo hutumika kwenye masharti ya kawaida. Watu walikuwa wanayasoma kwa mara ya kwanza.

Walionitangulia wanajua nguvu ya sura. Mwishoni mwa 1999, Shirika la Biashara Duniani likijiandaa kukutana Seattle, wanaharakati waliokuja kujulikana kama The Yes Men walifungua tovuti ya gatt.org iliyofanana na ya shirika hilo. Walidhani watu wangesoma na kucheka. Badala yake zikaanza kuja barua za mialiko, na mwaka 2000 mtu wao alisimama mbele ya mkutano wa wanasheria Salzburg akizungumza kama mjumbe wa shirika, na wasikilizaji hawakushtuka. Mwaka 1999 huo huo tovuti ya gwbush.com, iliyoigiza ile ya kampeni yake, ilimkera George W. Bush, aliyekuwa anawania urais wa Marekani, hadi akasema hadharani kwamba uhuru unapaswa kuwa na mipaka. Kwa kauli hiyo moja aliitangaza tovuti ile kuliko mwenye tovuti angeweza.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniumiza kichwa kuliko yote: je, uandike kwamba hii ni dhihaka?

Kuna kesi ya mji wa Parma, Ohio. Mwaka 2016 mkazi mmoja alifungua ukurasa wa Facebook ulioigiza ule wa polisi wa mji wake. Ulidumu saa chache tu. Alikamatwa, akakaa mahabusu siku nne, kisha baraza la raia wanaoamua kesi likamwona hana hatia. Alipowashtaki polisi, mahakama za shirikisho zilimkatalia, na mwaka 2022 gazeti la dhihaka la The Onion, lililoanzishwa na wanafunzi huko Wisconsin mwaka 1988, lilipeleka Mahakama Kuu ya Marekani hoja za kumuunga mkono. Hoja yao kuu ni kwamba mwigo hufanya kazi kwa kumlaghai msomaji kwanza, kisha msomaji anajigundua mwenyewe. Ukimwambia mapema umemwibia kilicho chake. Mahakama ilikataa kuisikiliza kesi hiyo Februari 2023.

Nilizisoma hoja zile kwa furaha, na bado nazikubali kwa sehemu kubwa. Kwa muda mrefu tovuti yangu ilikuwa na maelezo chini kabisa, kwa herufi za kijivu, kwamba yote ni ya kubuni. Nilijiona nimetenda haki kwa pande zote mbili.

Ndipo mama mdogo akanitumia ujumbe. "Mwanangu, umeona haya? Sasa wanataka kutoza mpaka kivuli!" Chini yake kulikuwa na picha ya skrini ya ukurasa wangu, ule wa kodi ya kivuli: kila raia atalipa kwa urefu wa kivuli chake, na kipimo kitachukuliwa saa kumi na moja jioni. Picha ilikuwa imekatwa vizuri. Kichwa cha habari kipo, nembo ipo, sahihi ya waziri wa kuchora ipo. Jina la tovuti halipo, na yale maelezo ya kijivu hayapo. Mama mdogo ni mtu makini, amefundisha watoto hesabu maisha yake yote. Hakudanganyika kwa sababu ya ujinga. Alidanganyika kwa sababu ujumbe ulitoka kwa mtu anayemwamini, na kwa sababu alishaona kodi za ajabu kiasi kwamba hii haikumshangaza vya kutosha.

Nilimpigia nikamwambia ni mimi. "Shikamoo mama, ile ni kazi yangu." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nimewadanganya wangapi. Sikuwa na jibu, na swali lile sijaliacha.

Ukurasa hausafiri mzima. Hicho ndicho nilichokuwa sijakielewa. Kinachosafiri ni kichwa cha habari, picha moja na pengine sentensi moja, na injini ya kutafutia nayo hufanya vivyo hivyo. Hata wahariri wenye vyumba vizima vya habari hukwama hapo: mwaka 2002 gazeti moja la jioni la Beijing lilichapisha kama habari ya kweli mzaha wa The Onion kuhusu Bunge la Marekani kutaka kuhama Washington lisipojengewa jengo jipya, na mwaka 2012 tovuti ya gazeti la chama tawala cha China ikachukua ule wa Kim Jong-un kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani. Kwa hiyo nilibadilisha mambo mawili. La kwanza, jina la tovuti na neno "dhihaka" sasa limechorwa ndani ya picha yenyewe, katikati, mahali ambapo ukilikata umeharibu picha. La pili lilikuwa gumu zaidi: lisilowezekana lazima liwemo kwenye kichwa cha habari, si kwenye aya ya nne. Kodi ya kivuli ilikuwa karibu mno na ukweli. Ningeandika kwamba kodi itapunguzwa siku za mawingu, mama mdogo angecheka.

Wapo wenzangu wanaoona nimelegeza kamba. Mimi naona nimeikaza, maana sasa nalazimika kutafuta kichwa cha habari kinachochoma na kujitangaza kwa wakati mmoja.

Upande wa sheria sitakaa sana, ila kuna siku tovuti ilizimwa nami nikajifunza. Nilikuwa nimechukua picha ya familia yenye tabasamu kutoka tangazo la kampuni moja, nikaibandika kwenye ilani ya chama changu cha kubuni. Seva ilikuwa Marekani, ambako sheria ya hakimiliki ya 1998 humfanya mwenye seva aondoe kwanza kinacholalamikiwa ili yeye asiwajibike, na aliyeondolewa anaweza kupinga. Asiposhtakiwa, kazi yake hurudishwa baada ya siku kumi hadi kumi na nne za kazi. Niliandaa barua ya kupinga kwa mori. Kabla ya kuituma nikasoma hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1994, ile ya Campbell dhidi ya Acuff-Rose, inayotegemewa sana na watu wa kazi hii. Inamlinda anayeiga kitu ili akiseme kitu hicho hicho. Anayechukua kazi ya mwingine ili kusema jambo jingine, au kukwepa jasho la kubuni lake, ana kazi kubwa zaidi ya kujitetea. Nami nilikuwa nawasema wanasiasa. Ile picha niliichukua kwa sababu ilikuwa tayari. Niliichana barua. Mwenzangu alichora familia nyingine kwa siku mbili, na ilikuwa bora, kwa sababu alimpa baba meno mengi kuliko yanavyoweza kuwa kinywani.

Umoja wa Ulaya nao, katika hukumu ya 2014 iliyohusu kalenda ya chama cha siasa kilichoigiza jalada la katuni, unataka mwigo ukumbushe kazi ya asili, utofautiane nayo kwa kuonekana, na uwe na ucheshi au dhihaka. Hayo matatu nimeyabandika ukutani, maana hata bila mahakama ni vipimo vizuri vya kazi. Fulana zenye nembo za kudhihaki nimekataa kuuza, ingawa huombwa kila wakati. Kesi ya 2023 ya kampuni ya pombe ya Jack Daniel's dhidi ya watengenezaji wa mwanasesere wa kuchezewa na mbwa ilionyesha kwamba ukigeuza mzaha kuwa chapa ya bidhaa yako, ile kinga ya pekee unaikosa. Matangazo ya kulipiwa pia nimeyakataa. Niliyaruhusu wiki moja, mtambo ukaweka tangazo halisi la mgombea halisi pembeni ya sabuni yangu ya ahadi, na msomaji akaniandikia kunipongeza kwa kulibuni.

Nimebakisha fomu.

Ukurasa ule uliitwa "Ajira Milioni Moja Kabla ya Saa Sita Mchana". Kichwa chake kilikuwa na lisilowezekana, picha ilikuwa na alama, nilikuwa nimefuata taratibu zangu zote. Chini niliweka fomu ya maombi: jina, elimu, uzoefu, namba ya simu, na mwisho swali "Idadi ya ahadi ulizowahi kuamini". Ukibofya "Tuma" ulipata jibu: "Hongera! Ombi lako liko kwenye mchakato." Utani wote ulikuwa kwenye jibu hilo, kwa hiyo niliifanya fomu ifanye kazi kweli. Sikufikiria kwamba yaliyoandikwa yanahifadhiwa mahali.

Baada ya wiki mbili nilifungua hifadhi nikakuta maombi zaidi ya mia mbili. Mengi yalikuwa mzaha juu ya mzaha. Halafu nikafika kwa mmoja. "Ndugu Mheshimiwa, nina cheti cha ufundi umeme. Nimekaa nyumbani miaka minne. Naweza kazi yoyote hata ya usiku. Nitashukuru sana." Namba ya simu ilikuwa imeandikwa mara mbili, nadhani ili isikosewe. Kwenye swali la mwisho, idadi ya ahadi alizowahi kuamini, aliandika: "Hii ni ya tatu."

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utotoni bila kujua kidonda kinaweza kuwa cha mtu mwingine kabisa.

Nilimwandikia mara nne kabla ya kutuma. Nilimwita ndugu yangu, nikamweleza kwamba ukurasa ule ni wa kuwadhihaki wanaotoa ahadi za namna hiyo, kwamba hakuna kazi, kwamba kosa ni langu na si lake, na kwamba namba yake nimeifuta. Alijibu kesho yake asubuhi. "Nashukuru kwa kunijulisha. Basi naomba mniondoe kwenye orodha." Orodha haikuwapo.

Nilikuwa na kawaida ya kusimulia kwa fahari ile kazi ya The Yes Men ya tarehe 3 Desemba 2004, miaka ishirini tangu gesi ya kiwanda cha Union Carbide iwaue watu Bhopal, India. Kupitia tovuti yao ya kuigiza, BBC iliwafikia ikidhani imeifikia Dow Chemical, kampuni iliyokuwa imeinunua Union Carbide. Mtu wao akatokea hewani akitangaza kwamba Dow inakubali kuwajibika na itawalipa waathirika dola bilioni 12. Hisa za Dow zilishuka kabla uongo haujajulikana, na dunia ikaona wazi kile ambacho kampuni ingeweza kusema na haikusema. Bado naamini lengo lao lilikuwa sahihi, na adui waliyemchagua alikuwa mkubwa wa kutosha. Lakini katika muda ule wa matumaini walikuwamo watu wa Bhopal wenyewe, wenye mapafu yao na makaburi yao. Hisia zao ndizo zilizolipia. Tangu barua ya fundi umeme, nikifika sehemu hiyo ya simulizi napunguza mwendo.

Kwa hiyo sasa, kabla ya kuchapisha chochote, tunakaa wawili na kujiuliza nani atausoma ukurasa huu akiwa na shida ile ile ambayo mwanasiasa anaichezea. Mgonjwa akisoma dhihaka ya dawa ya miujiza, je? Mwenye deni akisoma mkopo wa kubuni usio na riba? Zipo kurasa tatu nzuri sana ambazo hazijatoka kwa sababu hiyo, na moja kati yake ilinichukua mwezi.

Ukurasa wa ajira bado upo. Mgombea yupo, tabasamu lipo, saa ya ukutani nyuma yake inakaribia saa sita. Pale palipokuwa na fomu pana sentensi moja: "Nafasi zote zimejazwa na ahadi." Hakuna kitufe, wala pa kuandikia jina.